Jibu Lisilokata Shaka: Kusaka Hakikisho Mtandaoni na Ugonjwa wa Fikra za Kung'ang'ania

Miongoni mwa maradhi ya akili yanayoweza kukaa miaka mingi ndani ya nyumba bila kupewa jina, umo ugonjwa wa fikra za kung'ang'ania na vitendo vya kushurutika, ambao wahudumu wa afya huutaja kwa kifupi OCD. Ugonjwa huu una pande mbili zinazolishana. Upande wa kwanza ni fikra, taswira au msukumo unaomjia mtu bila kuutaka, ukamtia hofu, karaha au hatia, na kila anapoufukuza ukarejea. Upande wa pili ni tendo ambalo mtu hujiona hana budi kulifanya, liwe la mwili kama kunawa na kukagua, au la moyoni kama kuhesabu na kuomba kimyakimya, ili hofu ile ipungue au jambo baya analoliwazia lisitokee. Tafiti za nchi mbalimbali hukadiria kuwa kati ya mtu 1 na watu 3 katika kila 100 hupatwa nao katika kipindi fulani cha maisha, na mara nyingi huanza utotoni au katika ujana. Kigezo kimojawapo cha kuutambua ni muda unaoliwa na fikra na vitendo hivyo: vikimchukua mtu zaidi ya saa 1 kwa siku, au vikimkosesha kazi, masomo, ibada na usingizi, hilo si suala la tabia tena bali ni ugonjwa unaohitaji tiba.

Watu wengi wakisikia habari zake humfikiria mtu anayenawa mikono hadi ngozi ikachubuka, au anayerudi mara kwa mara kutazama kama amefunga mlango. Lipo hata hivyo tendo jingine la kushurutika, lisilotambulika upesi kwa sababu linafanana na busara, nalo ni kusaka hakikisho, yaani kuuliza tena na tena swali lililokwisha kujibiwa, si kwa ajili ya kujua bali kwa ajili ya kutulizwa. Zamani swali hilo liliulizwa kwa mama, mume, muuguzi, shehe au padri, na wote hao walichoka, walilala au walisafiri. Leo linaulizwa kwenye simu, ambayo hujibu saa yoyote na kwa idadi yoyote ya mara. Jibu linalotolewa kwa nia njema, likirudiwa kila linapodaiwa, ndilo linaloupa ugonjwa huu nguvu ya kuendelea, na njia ya kupona hupita katika kuacha kuuliza. Ukweli huo, ambao tiba ya kisasa imeuthibitisha, ulikwisha kutambuliwa na wanazuoni wa dini ambazo watu wa Chalinze, Bagamoyo na Pwani nzima wamezifuata kwa vizazi vingi.

Jinsi shaka inavyojilisha

Fikra za kutisha zisizotakiwa hazimjii mgonjwa peke yake. Mwaka 1978 Stanley Rachman na Padmal de Silva walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba takribani watu 8 kati ya kila 10 wasiokuwa na ugonjwa wa akili walikiri kupitiwa na fikra kama hizo, na maudhui yake hayakutofautiana sana na yale ya wagonjwa. Mwanasaikolojia wa Uingereza Paul Salkovskis alifafanua mwaka 1985 kwamba tofauti imo katika maana ambayo mtu huipa fikra ile: mtu mzima wa afya huiacha ipite, ilhali mgonjwa huiona kuwa onyo au ushahidi wa ubaya wake, akajihesabu kuwa yeye ndiye mwenye dhamana ya kuzuia balaa lisitokee. Mwenye mzigo huo hawezi kuridhika na neno "pengine". Hutaka yakini kamili, na yakini kamili ni kitu ambacho mwanadamu hapewi katika jambo lolote, ama liwe afya, ama dhambi, ama usalama wa watoto wake.

Hapo ndipo hakikisho linapoingia. Mgonjwa anapouliza na kujibiwa kwamba hakuna tatizo, hofu hushuka palepale, na ubongo hujifunza kwamba kuuliza ndiko kulikomwokoa. Baada ya saa chache au dakika chache shaka hurudi ikiwa na swali jipya lililo dogo kuliko la kwanza, na kwa kuwa sasa amezoea kutulizwa, uwezo wake wa kuivumilia umepungua. Hakikisho kwa hiyo hufanya kazi kama mkopo wa kausha damu, unaomaliza shida ya leo asubuhi na kuirudisha jioni ikiwa na riba, hadi mkopaji akalazimika kukopa tena ili alipe deni lilelile.

Jambo hilo halikubaki kuwa dhana. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi Marcel van den Hout na Merel Kindt waliwataka watu wasio wagonjwa wawashe, wazime na wakague jiko la gesi lililotengenezwa kwenye kompyuta. Waliokagua jiko hilo mara nyingi mfululizo hawakukosea zaidi ya wenzao walipoulizwa walichokiona, lakini kumbukumbu zao zilififia na imani waliyokuwa nayo kwa kumbukumbu hizo ilipungua. Kwa maneno mengine, kurudia kukagua hakumfanyi mtu awe na hakika zaidi, bali humfundisha kutojiamini, na anayerudia kuuliza huvuna mavuno yaleyale.

Simu kama mjibu asiyechoka

Chalinze, umbali wa kilomita zipatazo 100 magharibi ya Dar es Salaam, ni mahali ambapo barabara kuu ya kwenda Morogoro huachana na ile ya kwenda Segera, Tanga na Arusha, na malori na mabasi husimama hapo usiku na mchana. Kama ilivyo kwa miji mingi ya barabarani, wakazi wake wamefundishwa kujikinga na UKIMWI kwa miongo kadhaa, tangu wagonjwa wa kwanza nchini walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Elimu hiyo imeokoa maisha ya watu wengi na haina mbadala. Ugonjwa wa fikra za kung'ang'ania, hata hivyo, una desturi ya kuitwaa hofu ambayo jamii tayari inayo na kuikuza kupita kiasi, na ndiyo maana hofu ya Virusi vya UKIMWI (VVU) ni miongoni mwa sura ambazo ugonjwa huu umejivika katika nchi nyingi tangu miaka ya 1980.

Namna hofu hiyo inavyokwenda inafaa kutazamwa kwa karibu. Mtu mwenye ugonjwa huu akiisha kupima katika kituo cha afya na kuambiwa hana maambukizi, hutoka na amani inayodumu kwa muda mfupi. Usiku hukumbuka habari ya kipindi cha dirisha, yaani muda unaoweza kufika miezi 3 ambao kipimo cha kawaida huenda kisione maambukizi mapya, naye hurudi kupima muda huo ukipita. Akiambiwa tena kwamba yuko salama, huanza kuwaza kama kipimo kilikuwa kimekwisha muda wake, kama majina yalichanganywa, kama wembe wa kinyozi ulikuwa mpya, kama lile doa kwenye kiti cha basi lilikuwa damu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 kuruhusu watu kujipima wenyewe, hatua ambayo imewafikia wengi walioogopa kwenda kituoni, mtu wa namna hii huweza kukipiga picha kipimo chake, akaikuza kwenye kioo cha simu, akaanza kuona kivuli cha mstari wa pili mahali ambapo hakuna mstari. Huituma picha hiyo kwenye kundi la WhatsApp na kuuliza kama mstari ni mmoja au miwili. Watu 20 wakijibu kwamba ni mmoja na mmoja akasema arudie kupima, jibu linalobaki kichwani ni la yule mmoja. Huhamia kwenye programu za akili mnemba, ambako anaweza kuliuliza swali lake kwa namna 50 tofauti, na kila jibu analopewa likamzalia swali jingine, hadi bando linakwisha na kumepambazuka.

Intaneti ya kasi ilifika Pwani ya Tanzania mwaka 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipounganishwa Dar es Salaam, na tangu hapo maarifa yaliyokuwa yakipatikana kwa safari na nauli yamekuwa mfukoni mwa mtu. Hilo ni jema kwa walio wengi. Kwa mgonjwa wa fikra za kung'ang'ania, lakini, simu ina sifa tatu zinazoifanya iwe hatari kuliko jirani anayeulizwa maswali. Kwanza, hakuna anayemwambia basi, kwa kuwa simu haimwonei aibu wala haimkasirikii. Pili, majibu yake hayafiki mwisho, na kati ya majibu mengi lazima lipatikane moja la kutisha. Mwaka 2008 Ryen White na Eric Horvitz wa kampuni ya Microsoft walionyesha jinsi utafutaji wa dalili ndogo kama maumivu ya kichwa unavyoweza kumpeleka mtu upesi kwenye kurasa za magonjwa makubwa yasiyo ya kawaida, kama uvimbe wa ubongo. Tatu, tendo lenyewe hufanyika kwa siri, hivyo mke, mume au mzazi huona mtu anayechezea simu tu, wala hatambui kwamba aliyekaa mbele yake yuko katikati ya mateso.

Siri hiyo huwaumiza zaidi wale ambao fikra zao zina aibu. Mama aliyejifungua hivi karibuni anaweza kuvamiwa na taswira ya kumdhuru mtoto anayempenda kuliko nafsi yake, akaogopa kumwambia yeyote, akaiandika hofu hiyo kwenye simu na kuletewa habari za akina mama walioua watoto wao. Habari hizo humthibitishia jambo lisilokuwa kweli. Katika ugonjwa huu fikra za namna hiyo humtisha mtu kwa sababu zinapingana na matakwa na maadili yake, na ndiyo maana huficha visu na kukataa kubaki peke yake na mtoto. Anachohitaji ni mhudumu wa afya anayeufahamu ugonjwa huu na anayeweza kuupambanua na magonjwa mengine yanayowapata wazazi baada ya uzazi.

Isidhaniwe kwamba kila anayeuliza mtandaoni ni mgonjwa. Anayetafuta maarifa huuliza, hupata jibu la kutosha, huchukua hatua na huendelea na shughuli zake, hata kama jibu hilo limemwachia shaka kidogo. Anayesaka hakikisho huuliza jambo ambalo jibu lake analo tayari, hubadilisha maneno ya swali ili ajibiwe upya, humtafuta mjibu mwingine kila anapojibiwa, na utulivu wake hauvuki siku.

Udhu, maungamo na hekima ya zamani

Mji wa Bagamoyo, ambao Halmashauri ya Chalinze ilimegwa kutoka halmashauri yake, ni kitovu cha dini mbili katika historia ya Afrika Mashariki. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliweka misheni yao hapo mwaka 1868, na Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, aliufanya mji huo kuwa makao makubwa ya twarika ya Qadiriyya. Dini hizo mbili zina uzoefu mrefu wa kuwahudumia watu wenye shaka isiyokatika. Muislamu mwenye ugonjwa huu huweza kurudia udhu mara nyingi hadi sala ikampita, akiwa hana hakika kama maji yalifika kisiginoni, au akarudia takbira ya kuanzia sala kwa kudhani nia yake haikukamilika. Mkristo mwenye ugonjwa huohuo huungama dhambi moja kwa padri yuleyule wiki baada ya wiki, akiogopa kwamba aliacha kipengele. Leo wote wawili wana simu, na anayetaka fatua au ushauri wa kiroho anaweza kuusikiliza kwa masheikh na wahubiri kumi kabla ya kulala, kisha akalala na shaka kubwa kuliko aliyoanza nayo.

Wanazuoni wa zamani hawakulichukulia jambo hili kuwa uchamungu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyeishi kati ya mwaka 850 na 934, aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na nafsi ambamo alizieleza fikra za kung'ang'ania kama ugonjwa wenye sifa zake, tofauti na huzuni na hofu za kawaida. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 1223, alitunga risala nzima ya kuwaonya wenye wasiwasi wa tohara na ibada. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, yupo Ibn Hajar al-Haytami wa karne ya 16, ambaye alipoulizwa dawa ya wasiwasi alijibu kwamba ni kuupuuza kabisa hata nafsi ikiendelea kusitasita, akaonya kwamba mwenye kuusikiliza na kuufanyia kazi hauoni ukipungua bali huongezeka. Msingi wa fiqhi usemao kwamba yakini haiondolewi na shaka unaelekea hukohuko, kwa kuwa unamtaka mtu abaki kwenye hali aliyokuwa na hakika nayo bila kuchunguza zaidi.

Upande wa Wakristo, Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, aliteswa na shaka ya maungamo alipokuwa Manresa, Hispania, katika miaka ya 1522 na 1523. Muungamishi wake alimwagiza asiungame tena mambo ya zamani ila yale yaliyo wazi kabisa. Agizo hilo halikumsaidia, kwa sababu kwake kila dhambi ilikuwa wazi. Alipata nafuu baadaye, alipoamua kutoungama jambo lolote la zamani bila kuacha mlango wowote. Funzo la kisa hicho ni la thamani kwa kila anayemsaidia mgonjwa, kwamba ruhusa ndogo ya kuuliza "ikiwa lazima" hutosha kuurudisha ugonjwa wote, maana kwa mgonjwa kila swali ni la lazima.

Tiba ilivyo

Tiba ya mazungumzo iliyothibitishwa zaidi kwa ugonjwa huu ni ile ya kukabili kichochezi na kuzuia tendo. Chimbuko lake ni kazi ya Victor Meyer jijini London, aliyeeleza mwaka 1966 jinsi alivyowatibu wagonjwa wawili kwa kuwakutanisha na vitu walivyoviogopa huku wakizuiwa kufanya vitendo vyao vya kushurutika. Mgonjwa na mtaalamu huorodhesha hofu kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha mgonjwa huzikabili moja baada ya nyingine kwa hiari yake. Anayesumbuliwa na udhu hutawadha mara moja kwa maji yenye kipimo, akasali na shaka yake. Anayeogopa VVU hufuata ratiba ya kupima aliyopewa na mhudumu mmoja, akaacha kutafuta jibu jingine mtandaoni, hata hofu ipande kiasi gani. Hofu ikiachwa bila kutulizwa hupungua kwa kawaida, na hata isipopungua siku hiyo, mgonjwa hujifunza kwamba anaweza kuishi nayo bila jambo aliloliogopa kutokea.

Dawa nazo zina nafasi yake. Fluoksetini na dawa za jamii yake hutumika sana, na klomipramini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huu. Dawa hizi huweza kuhitaji wiki 8 hadi 12 kabla ya kuonyesha kazi yake kamili, mara nyingi kwa vipimo vikubwa kuliko vya sonona, hivyo ziandikwe na kusimamiwa na daktari, na zisiachwe ghafla.

Wakazi wa Chalinze wako kwenye njia panda hata katika jambo hili. Barabara ya mashariki hufika Hospitali ya Tumbi, Kibaha, na kuendelea hadi Hospitali ya Taifa ya Muhimbili; ya magharibi hupita Morogoro na kufika Dodoma, iliko Hospitali ya Mirembe iliyoanzishwa mwaka 1927; ya kaskazini huelekea Korogwe, ambako Hospitali ya Lutindi katika milima ya Usambara imewahudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kwenda hospitali hizo hakumaanishi kwamba mtu amerukwa na akili; wagonjwa wa fikra za kung'ang'ania kwa kawaida wanajua kwamba hofu zao zimezidi, na ujuzi huo ndio unaowafanya waone aibu na kuchelewa kutafuta msaada.

Wajibu wa ndugu

Familia ina sehemu kubwa katika kupona, na sehemu hiyo ni ngumu kwa sababu inapingana na huruma ya kawaida. Mama anayeulizwa mara ya tisa kama chakula kilikuwa salama hujibu ili mwanawe alale, na mume anayeulizwa kama mlango umefungwa huinuka akautazama ili kuwe na amani. Kuacha kujibu ghafla na kwa ukali humwumiza mgonjwa, na kuendelea kujibu humfunga. Linalofaa ni kukubaliana naye wakati ametulia, ikiwezekana mbele ya mtaalamu, kwamba swali la shaka litajibiwa mara moja tu, na likirudi, ndugu atamwambia kwa upole kwamba anaiona taabu yake, kwamba yuko pamoja naye, na kwamba swali hilo ni la ugonjwa, hivyo hatalijibu tena. Imamu na padri wanaweza kushika msimamo huohuo kwa kumpa muumini hukumu moja na kumtaka aitegemee, badala ya kumfungulia mjadala mpya kila juma.

Kwa msomaji anayejitambua katika maelezo haya, hatua ya kwanza ni kuandika kwa siku chache ni mara ngapi ameuliza swali lilelile na utulivu alioupata ulidumu kwa muda gani, kisha aipeleke karatasi hiyo kwenye kituo cha afya kilicho karibu na kuomba rufaa ya kumwona mtaalamu wa afya ya akili. Kwa msomaji anayemtambua mwenzake, asimcheke wala asimhukumu kwa upungufu wa imani, bali amsindikize hospitali. Ugonjwa huu unatibika, na wengi waliopata tiba sahihi wamerudi kwenye kazi, ibada na familia zao. Aliye nao asikubali kuumaliza ujana wake akiiuliza simu swali ambalo hakuna jibu litakalolitosheleza.